Je, wajua kwa nini kipepeo wa Arabuko-Sokoke hupanda ndege kabla hajaota mabawa?

Anza na mndimu wa nyuma ya nyumba. Tazama vizuri majani machanga: kile ulichodhani ni kinyesi cha ndege, cheusi chenye weupe katikati, mara kinasogea. Ni kiwavi. Siku chache baadaye atajivua ngozi awe kijani, na ukimgusa atachomoa nyuma ya kichwa pembe laini yenye panda, rangi ya chungwa, inayonuka kweli kweli. Watoto wengi wa pwani wamewahi kumchokoza kwa kijiti ili waione pembe hiyo. Akikua anakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus.

Kipepeo kama huyo ana soko. Tangu mwaka 1993, wanavijiji wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, wamekuwa wakifuga vipepeo na kuwauza kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Wanunuzi ni nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, zile za vioo zenye joto, ambako watu hulipa kiingilio watembee katikati ya vipepeo. Lakini katoni inayopakiwa kwenye ndege haina kipepeo hata mmoja. Ina pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda ili ageuke kipepeo.

Neno hilo linachekesha kidogo, maana kwa Kiswahili pupa ni uroho wa haraka, na mwenye pupa hasa ni kiwavi. Yeye hula usiku na mchana, na hali jani lolote, ni la mti wake tu. Ukitaka kumsafirisha, ungelazimika kumfungia na shamba lake. Tena akitoroka huko aendako anaweza kuwa balaa kwa mimea ya watu. Yai nalo likianguliwa njiani, kiwavi mchanga anatafuta jani siku hiyo hiyo. Kipepeo mzima ndiye mzigo mbovu kuliko wote: mabawa yake yamefunikwa magamba madogo mno, ule unga unaobaki vidoleni ukimshika, na spishi nyingi huishi wiki chache tu. Ukimweka safarini siku tatu nne umekula sehemu kubwa ya maisha yake.

Pupa hali, hanywi, hatembei, wala hachafui katoni. Ukimtazama ni kama jani kavu lililokunjika. Ndani, hata hivyo, kuna kazi kubwa. Sehemu kubwa ya misuli na viungo vya kiwavi huyeyushwa, na vifungu vidogo vya seli vilivyokuwa vimelala tangu mwanzo huanza kujenga mabawa, miguu mirefu na mrija wa kunyonyea maua. Si kila kitu kinachofutika. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, walionyesha kwamba nondo waliofundishwa wakiwa viwavi wakubwa kukwepa harufu fulani waliendelea kuikwepa baada ya kuota mabawa. Mimi hilo hunishangaza kuliko mabawa yenyewe.

Kazi hiyo kwa spishi nyingi za nchi za joto huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili, na hapo ndipo biashara nzima inapobanwa. Mfugaji anapeleka pupa Gede wakiwa bado wapya, wanakaguliwa, wanalazwa kwenye pamba, wanafungwa, wanasafiri. Wakifika wananing'inizwa mmoja mmoja kwa gundi au pini. Kuning'inia si pambo. Kipepeo akitoka ni tepetepe, mabawa yamejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Hujishikiza kichwa juu na kusukuma majimaji ya mwili ndani ya mishipa ya mabawa mpaka yanyooke, kisha yanakauka. Akitokea ndani ya katoni kwa sababu mzigo umekwama forodhani, mabawa hukaukia mikunjo ile ile, na hataruka maisha yake yote. Pupa aliyechelewa hauziki.

Sasa utauliza: si wanunuzi wazalishe wao wenyewe? Wengine hujaribu, ila jike hadanganyiki. Kabla ya kutaga huligonga jani kwa miguu ya mbele, na miguu hiyo ina vionjio: analionja kwa kulikanyaga. Jani likiwa si lenyewe, anaondoka. Wa mndimu ni rahisi, ndimu ziko kila mahali. Wengine wanataka mimea ya msituni.

Hapo ndipo msitu unapoingia. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita 420 za mraba, na majirani zake walikuwa na sababu za kuuchukia: ndovu na nyani hutoka humo wakavuruga mahindi, na ardhi ya kulima ni haba. Ufugaji wa vipepeo ukaleta hesabu nyingine. Mfugaji huingia msituni na wavu, au hutundika mtego wenye ndizi zilizochacha, kwa kuwa baadhi ya vipepeo hupenda matunda yaliyooza kuliko maua. Hurudi na majike wachache, huwaweka kwenye kizimba cha chandarua pamoja na mmea wao, kisha hulinda mayai. Msituni mayai na viwavi wengi huliwa na siafu, ndege na nyigu; kizimbani wengi hupona, kwa hiyo majike hao wachache hutoa pupa wa kutosha bila kuupunguzia msitu kitu cha maana. Lakini kizazi kikizaana chenyewe kwa muda mrefu hudhoofika, na viwavi wakisongamana ugonjwa huwageuza maji meusi kwa siku chache. Lazima arudi kuchukua damu mpya, na damu mpya iko msituni tu.

Kazi yenyewe hutetereka. Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, pupa wa wafugaji wa Amani, Usambara Mashariki, nao wakaingizwa humo. Mwaka 2020 nyumba za maonyesho zilifungwa kwa korona na ndege hazikuruka. Viwavi hawakujua. Waliendelea kula, wakajifunga, na siku zao zilipotimia wakatoka, wakaruka vizimbani bila mnunuzi.