Msitu mpya wa miti ya asili: maana yake ni nini?

Mwarobaini una jina la Kiswahili, una sifa ya kutibu maradhi arobaini, na wengi walioukuta uani mwa wazee wao wanaamini umekuwapo tangu zamani za zamani. Kwao ni Asia ya Kusini. Mwembe nao ulitoka upande huohuo. Mkaratusi, ambao wengi wetu tumezoea kuulaumu kwa kunywa maji, ukiwa Australia ni mti wa asili kabisa: koala anaishi kwa majani yake na ndege wa huko wanafyonza maua yake. Uhamishie bara jingine, na wadudu wengi wa mahali hapo hawajui pa kuanzia kuutafuna. Pasipo na wadudu, ndege nao huwa wachache.

Kwa hiyo "asili" haimaanishi mti mzuri, wala haimaanishi mti wa zamani. Maana yake ni kwamba mti na mahali vimezoeana kwa maelfu ya miaka, pamoja na kuvu wa udongoni, nyuki, nyigu, popo na ndege wanaouhudumia. Msitu mpya wa miti ya asili basi ni eneo lililokosa miti kwa muda mrefu, ambalo mwenyewe ameamua kulirudishia mchanganyiko wa aina ambazo zingeota hapo bila mtu, ili hatimaye lijiendeshe lenyewe. Likiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi, yeye ndiye anayechagua aina za kupanda, ndiye mlinzi wa moto, na ndiye wa kuulizwa miche ikifa.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) huita msitu eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayoweza kufika urefu wa zaidi ya mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Kipimo hicho kinafaa kwa takwimu za nchi. Kwa mtu mwenye shamba hakitoshi, kwa sababu misonobari ya rika moja iliyopangwa mistari nayo inakitimiza, na ukipita chini yake hukuti ila sindano zilizokauka. Msitu una ghorofa: miti mirefu, ya kati inayovumilia kivuli, vichaka, mitambaazi, na chini kabisa mimea midogo, majani yanayooza na magogo yaliyoanguka.

Kabla ya jembe kuna swali ambalo watu hulikwepa: je, mahali hapa panataka msitu? Mbuga ya nyasi za asili haisubiri mtu aje kuitengeneza, na ardhi oevu vilevile. Kuzijaza miti ni kuharibu, hata kama kila mche ni wa asili. Na pale ambapo msitu ulikuwapo ukakatwa, tembea kwanza ukitazama chini. Mara nyingi visiki vingali hai na mizizi inatoa machipukizi kila msimu, ila mifugo au moto unayarudisha nyuma. Zuia hivyo viwili, chagua chipukizi moja au mawili yenye nguvu kwenye kila kisiki, na utapata miti yenye mizizi iliyokwisha kukomaa bila kununua mche hata mmoja. Mimi ningeanza hapo kila mara.

Pakihitaji kupandwa, mbegu ndiyo inayoamua mengi. Chukua kutoka miti mama mingi iliyo mbalimbali, kwenye misitu inayofanana na shamba lako kwa mvua na mwinuko. Ukiokota chini ya mti mmoja, msitu wako mzima ni ndugu, na wataanza kuzaana wenyewe kwa wenyewe. Mbegu zenyewe zina tabia zake. Za migunga mingi zina ganda gumu na husubiri zilowekwe kwenye maji ya moto ndipo ziamke. Za mwaloni ukizikausha umeziua.

Kisha kitalu. Siku ya kupokea miche, chana kiriba kimoja, yaani kifuko cha mche, utazame mizizi kabla hujasifu majani. Mche uliokaa mno kitaluni mzizi wake mkuu umefika chini, ukakosa njia, ukajizungusha kama springi ya kitanda. Ukiupanda hivyo utapendeza miaka kadhaa, kisha upepo mkali uuangushe au ubaki umedumaa, kwa sababu ule mzunguko haunyooki wenyewe. Mche mfupi wenye mizizi iliyonyooka na shina gumu ni bora kuliko mrefu uliopauka, na hapa wauzaji na wanunuzi wengi huhukumu kinyume.

Kuchanganya aina si pambo. Mvule ni mfano unaoumiza: ukipandwa peke yake eneo zima, wadudu wadogo wanaotia uvimbe kwenye majani na machipukizi hupata karamu isiyokatika, na miche hushindwa kupanda juu. Uliotawanyika kati ya miti mingine hupata nafuu. Weka basi aina zinazokimbia na kupenda jua pamoja na zile za polepole zitakazokuja kutawala. Nafasi ya mita 2 kwa 2 huchukua miche 2,500 kwa hekta, na mita 3 kwa 3 huchukua kama 1,100. Mtaalamu wa mimea wa Japani, Akira Miyawaki, alibana zaidi, takribani miche 3 katika kila mita moja ya mraba, ili ishindanie mwanga na kufunga kivuli haraka. Njia hiyo hufaa vipande vidogo, maana inakula miche na kazi nyingi.

Sasa palizi, ambayo haipigwi picha. Adui mkubwa wa mche mchanga mara nyingi ni nyasi. Mizizi yake iko juu, imesokotana, na inakunywa mvua kabla haijamfikia mche. Safisha duara la mita moja kuzunguka kila mche, weka matandazo, na uyaache mbali kidogo na shina lisioze. Rudia miaka miwili au mitatu, hadi matawi yagusane na kivuli kianze kupalilia kwa niaba yako. Mwenye fedha ya miche bila fedha ya palizi apande nusu.

Kwamba inawezekana, tazama Brazil. Mpiga picha Sebastião Salgado na mkewe Lélia walichukua shamba la mifugo la familia, lililokwisha miti, katika jimbo la Minas Gerais. Mwaka 1998 wakaanzisha Instituto Terra, na zaidi ya miti milioni 2 ikapandwa. Shamba likaandikishwa kuwa hifadhi binafsi, hadhi ambayo katika sheria ya Brazil ni ya kudumu, hata ardhi ikibadili mmiliki. Nchi nyingine zina mikataba ya namna yake. Ulizia wa kwenu mapema, kwa kuwa mti wa miaka 100 utapita kwenye mikono ya warithi kadhaa.

Muda wenyewe ni mrefu kuliko tunavyopenda. Uingereza, kwenye eneo la England, hawauiti msitu wa kale mpaka uwe umekuwapo tangu mwaka 1600, na maua na mimea ya sakafuni huenea polepole mno.

Ila kuna dalili inayokuja mapema. Panda mikuyu michache, maana matunda yake huwaita ndege na popo, na hao hula kwingine wakaja kudondosha mbegu kwako. Mwaka wa tano au wa sita, piga magoti chini ya mmoja wao uchambue majani yaliyooza. Ukikuta kimche cha aina ambayo hukuipanda, chomeka kijiti kando yake, mwenye jembe asikikate.