Nembo ya Ukoo Si Cheti cha Usamurai

Tangu tarehe 1 Machi 2024, Japani ilipoanza kutoa nakala za rejesta ya familia, koseki, katika ofisi ya manispaa yoyote, maswali yanayofika idara yetu ya kumbukumbu yameongezeka, nasi tunayapokea kwa furaha. Wengi wameona alama kwenye kaburi la upande wa wakwe zao au kwenye kimono ya zamani, na wanataka tuwathibitishie kuwa ukoo huo ulikuwa wa samurai. Kwa nembo peke yake hatuwezi.

Zama za Edo (1603–1868), Japani ilipotawaliwa na mashogun, yaani watawala wa kijeshi, wa ukoo wa Tokugawa, kilichokatazwa kwa raia wa kawaida ni kutumia jina la ukoo hadharani, hadi serikali ya Meiji ilipowaruhusu mwaka 1870. Nembo haikuwa na katazo hilo. Wafanyabiashara, waigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi) na wakulima walijichagulia walizozipenda, na koo zisizo na undugu wowote zikajikuta na nembo ile ile ya manyoya ya mwewe. Iliyolindwa kwa ukali ni ile ya majani matatu ya mmea wa aoi ya akina Tokugawa, ambayo amri ya 1723 ilipiga marufuku wengine kuitumia.

Hata kwa samurai nembo ilihama, maana ilitolewa kama tunu. Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa karne ya 16, anajulikana kwa nembo ya mokko, yenye umbo kama ua, lakini picha yake iliyoko hekalu la Chōkō-ji inamwonyesha amevaa nembo ya mti wa kiri, aliyotunukiwa na shogun Ashikaga Yoshiaki. Leo kiri ni nembo ya serikali ya Japani.

Na tafadhali, msalaba ulio kwenye nembo ya akina Shimazu, mabwana wa Kagoshima, si ushahidi wa Ukristo. Walikuwa nao kabla mmisionari Francis Xavier hajashuka Kagoshima mwaka 1549. Hili tumelijibu mara nyingi mno.

Sasa utaratibu wa kuomba koseki, na usomwe wote. Wanaoruhusiwa kuomba katika ofisi yoyote ni mhusika aliyeandikwa kwenye rejesta, mwenzi wake, na wazazi, mababu, watoto na wajukuu wake. Kaka na dada hawamo. Mwombaji afike mwenyewe na kitambulisho rasmi chenye picha. Kwa njia hii hakuna posta wala wakala. Rejesta inayotumika hulipiwa yeni 450, isiyotumika tena yeni 750. Ambayo haijaingizwa kwenye kompyuta hutolewa na manispaa inayoitunza tu. Anayejipatia nakala kwa udanganyifu hutozwa faini isiyozidi yeni 300,000. Rejesta ya 1872, iliyoandika tabaka la kila familia, msiiombe kabisa: imefungwa kwa umma tangu 1968 kwa kuwa ilitumiwa kubagua watu.

Koseki haina nafasi ya nembo popote. Itakupa majina na mahali, na hapo ndipo kazi huanza, kwa sababu samurai aliandikwa na bwana wake katika daftari za watumishi, bugenchō, jina lake pamoja na posho yake kwa koku, kipimo cha mchele. Tuleteeni jina la babu na eneo alikotoka, pamoja na picha ya jiwe la kaburi inayosomeka, tutafute kwenye daftari hizo.