Kutenga zabuni za ujenzi kwa makundi maalumu: maana yake nchini Marekani

Nchini Marekani, kutenga zabuni kwa makundi maalumu ni utaratibu ambao serikali huamua, kabla ya kazi kutangazwa, kwamba sehemu ya fedha za umma itakwenda kwa biashara ndogo za watu waliofungiwa milango kwa muda mrefu: Wamarekani weusi na jamii nyingine za wachache, wanawake, na askari wa zamani, hasa waliopata ulemavu wakiwa jeshini. Katika ujenzi utaratibu huu una sura mbili. Wakati mwingine kazi nzima hushindaniwa na kundi husika peke yake. Mara nyingi zaidi, hasa katika barabara na viwanja vya ndege, mkandarasi mkuu huwekewa lengo, tuseme asilimia 10 ya thamani ya mkataba, ambalo hana budi kulifikia kwa kuwapa wakandarasi hao vipande vya kazi, au athibitishe kwamba alijitahidi kwa dhati akawakosa.

Kampuni huhesabiwa kuwa ya kundi husika pale ambapo walengwa wanamiliki angalau asilimia 51 na, jambo ambalo ndilo zito zaidi, wao wenyewe ndio wanaoiendesha. Kuandikisha kampuni kwa jina la mke huku mume ndiye anayepanga bei, anayeajiri mafundi na anayesaini hundi ni udanganyifu unaoadhibiwa. Kanuni za miradi ya barabara zinafuatilia hata mzunguko wa vifaa: mkandarasi mkuu akinunua nondo za dola 100,000 kwa muuzaji aliyesajiliwa katika mpango huo, mwenye duka na ghala lake, ni dola 60,000 tu zinazohesabiwa kwenye lengo, na kampuni inayopitisha ankara tu bila kugusa kazi haihesabiwi hivyo hata kidogo. Naona ukali huu una haki, kwa sababu kila kampuni ya jina inamnyang'anya nafasi mtu aliyekusudiwa hasa.

Mpango huu haukuzuka siku moja. Mwaka 1969 Rais Richard Nixon aliunda ofisi ya serikali kuu ya kushughulikia biashara za jamii za wachache. Mwaka 1982 Bunge la Marekani liliweka lengo la asilimia 10 katika fedha za barabara kuu, na mwaka 1987 wanawake wakaingizwa humo. Askari wa zamani wenye ulemavu walitengewa lengo la asilimia 3 ya manunuzi yote ya serikali kuu kwa sheria ya mwaka 1999, na sasa lengo hilo ni asilimia 5. Miji nayo ilikuwa na juhudi zake. Maynard Jackson, meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, aliyechaguliwa mwaka 1973, alishikilia kwamba robo ya kazi za uwanja mpya wa ndege iende kwa kampuni za jamii za wachache, na akasimama hapo licha ya upinzani mkali wa wafanyabiashara wakubwa. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 1980.

Kesi iliyobadilisha kila kitu ilitoka Richmond, Virginia, na ilianzia kwenye vyoo vya jela. Mwaka 1983 jiji hilo lilitangaza kazi ya kufunga vyoo vya chuma kisichoshika kutu katika jela yake, kwa sharti kwamba mkandarasi mkuu atoe asilimia 30 ya kazi kwa kampuni za wachache. Kampuni ya J.A. Croson ilisema imempata muuzaji mmoja tu wa kundi hilo, na bei yake ilikuwa juu. Ikaomba isamehewe sharti, ikakataliwa, ikaenda mahakamani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1989 iliufuta mpango wa Richmond. Jiji lilieleza kwamba nusu ya wakazi wake walikuwa weusi, ilhali katika miaka mitano kampuni za wachache zilikuwa zimepata asilimia 0.67 tu ya mikataba mikuu ya ujenzi. Mahakama ilijibu kwamba tofauti hiyo peke yake haitoshi: jiji lilipaswa kulinganisha na idadi ya wakandarasi wa wachache wenye sifa za kufanya kazi hiyo, na kuonyesha ubaguzi uliotokea palepale. Tangu hapo miji na majimbo hulipia tafiti ndefu za kupima pengo hilo kabla ya kuweka lengo lolote la rangi.

Kwa msomaji wa Kenya, anayezijua asilimia 30 za zabuni za umma zinazotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, tofauti iko kwenye katiba. Ibara ya 227 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu waziwazi upendeleo katika manunuzi ya umma kwa waliodhulumiwa na ubaguzi au ushindani usio wa haki. Katiba ya Marekani haina ibara ya namna hiyo. Ina Marekebisho ya 14 yanayodai usawa mbele ya sheria, na pande zote mbili, wanaoitetea mipango hii na wanaoipinga, huyashika hayohayo zikifika mahakamani.

Hata hivyo, lengo likiwekwa na kupona mahakamani, mkandarasi mdogo bado hajasaidika. Chukua mwanamke mwenye kampuni ya kusuka nondo na mafundi wanane. Ili apewe kazi anatakiwa dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya kampuni nyingine kubeba hasara akishindwa kumaliza kazi, na kampuni hiyo ya dhamana inataka kuona mtaji na rekodi ya kazi kubwa, ambazo hawezi kuwa nazo kabla ya kupewa kazi kubwa. Akishaanza, mafundi wanalipwa kila Ijumaa. Ankara yake inakwenda kwa mkandarasi mkuu mwisho wa mwezi, inaunganishwa na madai mengine, inakaguliwa, ndipo inafika kwa mwenye mradi. Katika miradi ya serikali kuu, sheria inampa mwenye mradi siku 14 kumlipa mkandarasi mkuu, naye siku 7 kuwalipa wa chini yake, lakini hesabu haianzi mpaka madai yakamilike, na mgogoro mmoja kuhusu zege la ghorofa ya pili unaweza kuyakwamisha. Juu ya hayo, hadi asilimia 10 ya fedha inaweza kuzuiliwa mpaka kazi ikabidhiwe, na kwa kampuni kama yake huenda hiyo ndiyo faida yote. Wengi hufilisika wakiwa na kazi mkononi, na hilo linaumiza kuliko kukosa zabuni.

Ndiyo maana ninauthamini zaidi mpango wa Idara ya Biashara Ndogo ya Marekani wa kuidhamini kampuni ya dhamana yenyewe, kwa kubeba asilimia 80 hadi 90 ya hasara mkandarasi akishindwa kazi. Kugawa mikataba mikubwa katika vipande vinavyobebeka na kuachia fedha zilizozuiliwa mara tu kipande cha mkandarasi mdogo kinapokamilika kunasaidia kwa njia hiyohiyo.

Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa kanuni inayoondoa dhana kwamba mwanamke au mtu wa jamii ya wachache ameathirika kwa sababu tu ya kundi lake. Katika fedha za barabara na viwanja vya ndege, kila mwombaji sasa anatakiwa kueleza mwenyewe vikwazo alivyokutana navyo na kuvithibitisha. Lengo la askari wenye ulemavu halikuguswa na kanuni hiyo, kwa kuwa msingi wake ni utumishi jeshini.