Maji ya mfereji yakilala usiku kucha bado hayafai matumbawe
Baadhi ya wafugaji wa samaki wa mapambo Nakuru huamini maji ya mfereji yakilala kwenye ndoo, au yakichemshwa, yanafaa tangi la matumbawe. Klorini, dawa ya kuua vijidudu, hutoka, ni kweli. Shaba, nitrati, fosfati na floraidi, ambayo visima vingi vya Bonde la Ufa vinayo kwa wingi, hubaki. Kuchemsha huzikoleza zaidi, kwani kinachotoka ni mvuke tu. Shaba kidogo huua konokono na kamba.

Tumia chujio lenye sponji, kaboni, utando wa osmosisi geuzi (unaopitisha maji na kuzuia vilivyoyeyuka), kisha resini ya kunasa yanayobaki. Kipima-TDS (kipima vitu vilivyoyeyuka majini) kikisoma 0, koroga gramu 35 hadi 40 za chumvi ya bahari ya akwariamu kwa lita, hadi haidromita, kipima uzito wa maji ya chumvi, isome 1.025. Maji yakipungua tangini kwa kugeuka mvuke, ongeza yaliyochujwa, bila chumvi.