Gari linalovutwa na magurudumu yote manne na maji ya mtoni
Baadhi ya wakazi wa Tanga wanaovuka vijito vinavyoshuka kutoka Usambara huamini kwamba gari linalovutwa na magurudumu yote manne hupita maji yoyote yenye kina kifupi, mradi dereva akanyage mafuta. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa gari hilo hushinda tope kweli. Hata hivyo, magurudumu husaidia tu yanapoishika ardhi, na maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 hivi yanaweza kuliinua gari na kulisukuma. Mwendo wa kasi nao hurusha maji kwenye njia ya hewa ya injini. Yakiingia ndani ya silinda, sehemu ya injini inayobana hewa, kwa kuwa maji hayagandamiziki, yanaweza kuharibu injini kabisa. Kitabu cha gari mara nyingi hutaja kina kinachokubalika: tia alama ya kina hicho kwenye fimbo, upime maji yaliyotulia, kisha uvuke polepole kwa gia nzito, yaani ya chini. Mto ukiwa mwekundu na wenye kasi, usiingie hata kwa miguu.