Kabla ya Kumwajiri Mshauri wa Bustani ya Mji

Shehia ikiahidiwa ruzuku ya kutengeneza bustani, mbio za kumtafuta mshauri mwelekezi huanza siku ile ile. Kwanza someni mkataba wa ruzuku, mstari kwa mstari. Wafadhili wengi hawalipi gharama zilizofanyika kabla ya mkataba kutiwa saini, na kamati iliyomtanguliza mshauri kazini huishia kutafuta fedha za kumlipa.

Kisha andikeni hadidu za rejea zenu wenyewe, yaani maelezo ya kazi mnayomtaka mshauri aifanye, msinakili za mradi mwengine. Hapa ndipo bustani nyingi zinapoharibika. Utakuta ushirikishwaji wa wananchi umeandikwa kwa sentensi moja: "kikao cha wadau". Kikao hicho huitwa saa nne asubuhi, kina mama wako sokoni au jikoni, vijana wako kazini. Watakaosikilizwa ni wale wale wa kila siku. Mtakeni mshauri afike baada ya alasiri, akae barazani na wazee, aende uwanjani kwa vijana. Muuza urojo anayeweka meza yake pale kila jioni anajua maji ya masika yanatuama wapi na kona gani watoto hawapiti kwa kiza. Ramani kubwa itandazwe chini, watu waichore kwa kalamu. Halafu mshauri arudi mara ya pili aeleze lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Bila ya marejeo hayo, mimi sihesabu kuwa watu wameshirikishwa.

Itazameni Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Jioni uhai wake ni wapishi na wateja wao. Mchoro usiowapa nafasi watu kama hao ni hasara. Na kwa kuwa Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, mshauri wa huko lazima ajue pia masharti ya hifadhi.

Washauri wanaoomba kazi walete bahasha mbili: ile ya kiufundi, inayoeleza ujuzi wao na namna watakavyofanya kazi, ifunguliwe kabla ya ile ya bei. Malipo yafuate kazi iliyokabidhiwa: ripoti ya maoni, mchoro wa awali, mchoro wa mwisho. Mahudhurio yenye saini, mihutasari na risiti viingie kwenye faili tangu siku ya kwanza, maana mkaguzi haji siku mnayoitaka nyinyi.

Ruzuku kwa kawaida huishia kwenye ujenzi. Kwa hiyo hadidu zidai mpango wa matunzo: nani atalipia taa, maji na mtunza bustani, na baraza la mji liukubali kwa maandishi kabla mchoro wa mwisho haujalipiwa.