Kwa nini kuna mechi ya England ya saa 6:30 mchana, na kwa nini inamtesa shabiki wa ugenini?

Ukiuliza kijiweni, jibu huja haraka: saa hiyo imewekwa kwa ajili ya watazamaji wa Asia. Ni jibu linaloingia akilini, kwa sababu fedha za haki za matangazo kutoka nje ya Uingereza ni nyingi na Asia ina watazamaji wengi. Tatizo lake ni kwamba halisimami ukilipima kwa saa ya ukutani.

Tuhesabu (saa zote ni za Kiswahili, na ni majira ya baridi). Mpira ukianza saa 6:30 mchana London, Bangkok ni saa 1:30 usiku na Singapore ni saa 2:30 usiku. Ni saa nzuri kwao, hakuna ubishi. Lakini mechi ya kawaida ya Jumamosi saa 9:00 alasiri inawafikia saa 4:00 na saa 5:00 usiku, na usiku wa Jumamosi hakuna anayewahi kulala. Sasa angalia mechi ya Jumatatu saa 2:00 usiku. Bangkok ni saa 9:00 usiku wa manane, Singapore ni saa 10:00 alfajiri. Kama Asia ndiyo ingepanga ratiba, mechi hiyo isingedumu msimu mmoja, ilhali imekuwepo tangu Ligi Kuu ya England ilipoanza mwaka 1992. Isitoshe, nje ya Uingereza mechi zote 380 za msimu zinaweza kuonyeshwa moja kwa moja, zile za saa 9:00 zikiwamo. Mtazamaji wa ng'ambo hahitaji mechi ihamishwe ndipo aione.

Anayehitaji ihamishwe ni mtazamaji aliye Uingereza kwenyewe, na hapo ndipo jibu lilipo. Kila Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, televisheni za Uingereza haziruhusiwi kuonyesha soka moja kwa moja. Mzizi wa katazo hili ni miaka ya 1960: Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, aliwashawishi wenzake kwamba mechi kubwa ikionyeshwa nyumbani, viwanja vya timu ndogo vitabaki vitupu. Leo kanuni za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, zinaruhusu kila chama cha taifa kujichagulia kipindi cha saa mbili na nusu cha aina hiyo, na England ni kati ya wachache wanaokitumia. Kama kweli katazo hulinda mahudhurio ni vigumu kuthibitisha, maana lilipoondolewa wakati wa korona viwanja havikuwa na mashabiki wa kuhesabu.

Lichukulie katazo hilo kama lango la reli barabarani. Likishashuka, hakuna gari linalopita hadi linyanyuke. Anayetaka kuvuka Jumamosi ana njia mbili tu: awe ameshamaliza kuvuka kabla halijashuka, au asubiri linyanyuke. Mechi ni dakika 45, mapumziko 15, dakika 45 nyingine, na nyongeza ambazo siku hizi hufika kumi kwa jumla bila shida. Karibu saa moja na dakika 55. Ukianza saa 6:30 unamaliza saa 8:25, na zinabaki dakika ishirini kabla ya lango. Zamani kidogo mechi hii ilianza saa 6:45. Kwa nyongeza za sasa ingemalizika lango likiwa linagusa paa la gari. Upande wa pili, saa 11:30 jioni ni robo saa tu baada ya lango kunyanyuka. Saa hizo mbili zinazoonekana za ajabu ni kingo za katazo. Hazikutoka Bangkok.

(Kuna sababu ndogo ya pembeni. Polisi hupenda mechi za wapinzani wa jadi zianze mapema, kabla watu hawajanywa vya kutosha. Lakini hilo linaeleza mechi chache, halielezi desturi ya kila wiki.)

Kwa hiyo katazo lililowekwa kuwalinda watu wanaokwenda uwanjani ndilo linalomwamsha shabiki wa ugenini usiku wa manane. Newcastle hadi Bournemouth ni zaidi ya kilomita 500. Kwa treni ni takriban saa tatu hadi London, kisha kuvuka jiji kutoka stesheni ya King's Cross hadi ya Waterloo, kisha saa mbili hivi kwenda pwani ya kusini. Ukijumlisha na kusubiri, ni saa sita. Kuwa getini saa 6:00 mchana maana yake ni kuondoka Newcastle kabla ya saa 12:00 asubuhi bila kukosa treni hata moja njiani, au kulala London usiku wa kuamkia mechi.

Mechi ya saa 2:00 usiku ina ubaya wa upande wa pili. Kipenga cha mwisho hulia karibu saa 3:55. Kutoka jukwaani na kufika stesheni, haraka sana, ni nusu saa au zaidi. Shabiki wa Liverpool aliye London usiku wa Jumatatu kwa kawaida hana tena treni ya kumfikisha nyumbani usiku huo. Jumamosi usiku treni za masafa marefu huisha mapema kuliko siku za kazi, kwa hiyo hata mechi ya saa 11:30 jioni inaweza kumkaba mtu. Jumapili asubuhi ndizo saa ambazo reli hufungwa kwa matengenezo, na abiria hushushwa wakapandishwa mabasi.

Basi la mashabiki halitegemei ratiba ya treni, lakini lina sheria zake. Dereva hapaswi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila mapumziko ya dakika 45, wala zaidi ya saa tisa kwa siku (kumi, mara mbili tu kwa wiki). Basi lenyewe limefungwa kidhibiti cha mwendo cha kilomita 100 kwa saa. Newcastle hadi London ni kilomita 450 hivi, kwenda na kurudi ni saa kumi na moja au zaidi za usukani. Dereva mmoja hatoshi, na dereva wa pili huongezwa kwenye nauli. Hapa tuwe wa haki: gharama hiyo ipo hata mechi ikiwa saa 9:00 alasiri. Ni umbali unaoileta. Televisheni inachoongeza ni kumrudisha mtu alfajiri ya Jumanne, akiwa na kazi asubuhi.

Hata hivyo saa mbaya ikijulikana mapema inavumilika. Kinachouma mfukoni zaidi ni kuchelewa kuijua. Ratiba inayotangazwa Juni ni kama kitambaa kilichochorwa na fundi kwa chaki: mistari unaiona, lakini mkasi haujapita. Kisha mikasi inakuja mmoja baada ya mwingine. Timu inayocheza mashindano ya Ulaya Alhamisi husogezwa hadi Jumapili. Vituo vya televisheni vya Sky Sports na TNT Sports huchagua mechi zao kwa zamu, kila kifurushi cha mechi kikiwa na siku na saa zake. Polisi wanaweza kupinga saa fulani, na vikombe vya ndani vinaweza kuahirisha mechi nzima. Chaguo za televisheni kwa kawaida hutangazwa kwa mafungu, wiki tano au sita hivi kabla ya mechi.

Reli nayo ina fundi wake mwingine. Tiketi za bei nafuu hutoka hadi wiki 12 kabla ya safari, wakati mwingine mapema zaidi. Ni chache, na kila moja imefungwa kwa treni moja tu. Treni isipofutwa au kuchelewa hurejeshewi fedha. Unaweza kubadilisha, lakini kwa kawaida unalipa ada pamoja na tofauti ya nauli, na nauli imeshapanda. Kati ya mafundi hao wawili kuna pengo la wiki sita: ukinunua mapema unanunua treni ya mechi itakayohamishwa, ukisubiri unakuta nafuu imekwisha. Tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya uwanjani kwa shabiki wa ugenini ina kikomo cha pauni 30. Nauli haina kikomo.

Na mechi zinazohamishwa zimeongezeka. Mkataba wa televisheni za Uingereza ulioanza msimu wa 2025/26, wa miaka minne na pauni bilioni 6.7, unaonyesha angalau mechi 267 kati ya 380, wakati mkataba uliotangulia ulikuwa na takriban 200. Zinabaki 113 au pungufu, nyingi zikiwa za Jumamosi saa 9:00.

Anayetaka kununua treni mapema basi abahatishe kwa akili. Timu yako au wapinzani wakiwa na Ulaya Alhamisi, sahau Jumamosi. Vigogo wawili wakikutana, usiguse tiketi hadi tangazo litoke. Mechi inayoelekea kubaki palepale ilipochorwa ni ya timu mbili za katikati ya msimamo, zisizocheza Ulaya, ambazo hakuna kituo kilichozigombea. Shabiki wa timu kama hizo ndiye anayesafiri kwa raha. Timu yake ikianza kufanya vizuri, ndipo ataanza kuamka saa 10:00 alfajiri.